Hakuna Toba ya Sukari

Mliponiaga mlinikatia keki. Watu mnaoshinda mkipima sukari za wenzenu, mkaona zawadi inayomfaa mama anayestaafu ni keki iliyopakwa sukari ya rangi tatu. Nilikula kipande changu kwa heshima, na jioni nikajipima. Sitawaambia ilisoma ngapi. Kabla hatujaachana Mwenda, ambaye sasa amekalia kiti changu, aliniomba niwaandikie yale ya kazi ambayo hayamo vitabuni. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Kaaga, kengele za shule zikinigawia siku kama zilivyonigawia nikiwa msichana, na nimeandika. Anayetafuta nilipandishwa cheo lini atachoka bure. Nimeandika juu ya kaboni na oksijeni zinavyoshikana, na juu ya mtu mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu watu waliompenda walimnusa. Majina nimebadilisha.

Nilianza kazi Ishiara. Mtu aliyelelewa kwenye baridi ya Meru akipelekwa Ishiara hugundua kwamba jua nalo lina kwao. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye paa la bati, darubini moja, na jiko la mafuta ya taa la kuchemshia mikojo. Mwenye chumba hicho alikuwa Bwana Njiru, Mmbeere mrefu, mkavu, aliyeongea kana kwamba maneno yanakatwa kwenye mshahara wake. Siku ya kwanza hakunipa koti wala kiti. Alinipa taulo kuukuu.

"Hii ni ya amonia," akasema. "Hapa joto ni mingi. Hiyo chupa inaweka hasira. Funga taulo kwa kifuniko, angalia kando, fungua pole pole. Yule alikuwa hapa mbele yako aliifungua kama soda."

Nikamwuliza huyo aliyekuwa hapo mbele yangu yuko wapi siku hizi.

"Anauza mitumba Embu. Macho ilipona."

Kemia nilikuwa nimesoma chuoni, nikafaulu, nikasahau. Bwana Njiru alinifundisha upya kwa namna ambayo sikuisahau tena. Asubuhi moja aliniuliza ukoo wetu, ule ambao sisi Wameru tunauita mwiriga. Nikamtajia. Akasema ukikutana na mtu humwulizi ana ekari ngapi, unamwuliza ukoo, na ukishaujua unajua ataoa wapi na atagombana na nani. Hata hizi dawa ni hivyo hivyo, akasema. Akachora chini kwa kijiti. Kaboni ana mikono minne, oksijeni ana miwili. Kwenye pombe, oksijeni amemshika kaboni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili amemshika haidrojeni, yule mdogo. Lakini kuna ukoo mwingine ambao oksijeni amemkamata kaboni mmoja kwa mikono yote miwili. Huo ndio ukoo wa kabonili. Sukari ni ya huko. Formalini ya mochari ni ya huko. Asetoni ni ya huko. Hawafanani kwa sura wala kwa tabia, ila ukimwangalia kila mmoja penye ile mikono miwili unamjua ni wa nyumba gani.

Ukoo huo una milango miwili, na kazi yetu yote ilikuwa kujua mtu ametokea mlango upi. Kabonili ikiwa pembeni mwa molekuli, na haidrojeni ameketi kando yake, hiyo ni aldehaidi, kama ilivyo sukari ya damu mnyororo wake unapofunguka. Hiyo ni nyepesi kugeuza wengine. Ukichemsha nayo ile dawa yetu ya buluu, dawa inakuwa nyekundu kama tofali. Kabonili ikiwa katikati, imebanwa na kaboni kushoto na kulia, hiyo ni ketoni. Ketoni haiijali dawa ya buluu. Inataka kipimo chake chenyewe, na kipimo hicho ndicho kilichohitaji taulo. Bwana Njiru alisema mwili ulioshindwa kutumia sukari huanza kuchoma mafuta, na ketoni ndizo moshi wake.

Kisa cha kwanza kilichoniumiza kilikuwa cha msichana wa shule, aliyeletwa na mama yake siku ya soko. Alikuwa amelala kitandani lakini akivuta pumzi ndefu, nzito, mfululizo, kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Wauguzi walidhani ni nimonia. Bwana Njiru alipita mlangoni mwa wodi, akasimama, akanusa, akaja maabara, na akapima mkojo wa yule msichana mbele ya foleni yote. Pete ya zambarau, ile ambayo kipimo cha ketoni huchora ndani ya kioo, ilikuja karibu nyeusi. Ugonjwa ulijulikana upesi kuliko nilivyowahi kuona ugonjwa ukijulikana. Lakini insulini ilikuwa Embu, na msichana alikuwa Ishiara. Alifia njiani, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Bwana Njiru aliosha ile testityubu kwa muda mrefu mno, na alipoiweka kwenye rafu aliniambia maneno ambayo ninawakabidhi ninyi kama nilivyoyapokea: mkojo wa mtu anayepumua hivyo haungoji foleni.

Siku iliyofuata aliniuliza kama nami nilikuwa nimenusa. Nikamwuliza nilitakiwa kunusa nini. Akachukua chupa ya asetoni tuliyotumia kuoshea rangi kwenye vioo vya darubini, akaniwekea puani. Hiyo niliisikia. Akadondosha matone kwenye ndoo ya maji. Muuguzi aliyekuwa anapita alisema, "Nani ameleta hapa matunda imeoza?" Mimi sikusikia kitu.

"Basi wewe ni kipofu wa hii kitu ikiwa kidogo," Bwana Njiru akasema. "Wako wengi hivyo. Si dhambi. Lakini usiwahi amini pua yako. Amini pete."

Alistaafu, akarudi kwa mbuzi wake, na akafa kabla sijamshukuru vya kutosha. Hilo bado linaniuma.

Kutoka Ishiara nilihamia hospitali moja ndogo upande wa Muthara, na huko ndiko mlikonikuta. Vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimeingia, mtu anachovya, anahesabu kidogo, anasoma rangi. Ni kitu kizuri. Lakini naomba mfunge mkebe! Ukungu wetu wa asubuhi unaingia kwenye mkebe ulioachwa wazi na kijiti kinakuwa kadi ya rangi nzuri isiyosema ukweli. Kwa sababu hiyo sikuwahi kuitupa amonia yangu, wala chumvi yangu nyeupe, wala zile fuwele za kipimo cha ketoni, nyekundu kama punje za komamanga. Nilizipanga rafu ya juu, na mlizoea kupita chini yake mkisema ni makumbusho ya mama. Nilisikia. Masikio yangu hayana ugonjwa wa pua yangu.

Mzee Zakaria nilimjua kwa macho kabla sijamjua kwa mkojo. Alikuwa mzee wa kanisa, mkulima, na ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeng'oa miraa shambani mwake wakati bei imepanda. Alisema hawezi kuuza kinachomnyima mtoto wa mwenzake usingizi. Majirani walimwona mwendawazimu mpaka wakamzoea. Rafiki yake alikuwa Mzee Festus, ambaye mashamba yao yamepakana. Walitahiriwa msimu mmoja, wakaoa mwaka mmoja, wakachaguliwa wazee wa kanisa Jumapili moja. Kwa Wameru mtu wa rika lako si rafiki tu. Ukipotoka, yeye ndiye mwenye haki ya kukukemea, na akinyamaza aibu ni yake pia.

Kanisa lao lilikuwa na msimamo mkali juu ya pombe, na sioni kosa, kwa sababu nimewapima waliokunywa chang'aa ya huko. Mshirika aliyejulikana kuwa amekunywa aliwekwa chini ya nidhamu. Aliketi benchi la mwisho, lile la kando ya mlango, na sahani ya mkate ilipopita Jumapili ya Meza ya Bwana ilimruka. Siku alipokuwa tayari alisimama mbele ya watu wote, akataja dhambi yake kwa mdomo wake, wazee wakampa mkono mmoja mmoja, na ikaisha. Nimeona wanaume wakilia kwa furaha hapo mbele. Ni utaratibu uliorudisha wengi nyumbani, na siuchezei.

Mzee Festus alikaa karibu na rafiki yake kwenye mkutano wa wazee, akasikia harufu. Alinyamaza. Mkutano uliofuata akaisikia tena, tamu, kali, ya kitu kilichochacha. Alikwenda shambani kwa Zakaria, akamwuliza wakiwa wawili, kama rika linavyotaka. Zakaria akaapa kwamba hajaonja kitu tangu aokoke. Lakini Festus alikuwa na macho pamoja na pua. Alimwona amekonda. Alimwona akienda nyuma ya nyumba kukojoa mara kwa mara. Alimwona akinywa maji kama mtu anayezima moto wa jana, na jioni moja alimwona akiyumba kwenye mteremko wa kisimani. Lisemwalo lipo, watu walikuwa wameanza kusema, na kama halipo laja. Basi mbele ya wazee, Festus akasimama na kusema maneno mawili, "Zakaria ananuka." Nimeambiwa alilia akisema.

Zakaria akapelekwa benchi la mwisho. Naye, kwa kuwa hakuwa na ushahidi mwingine, akamgeukia Mungu kwa njia aliyoijua. Alifunga. Alikataa uji, akakataa ndizi, akashinda na maji na Biblia, akiomba Mungu amwondolee harufu hiyo ili watu wajue. Na kila siku aliyofunga harufu iliongezeka.

Mkewe, Mama Kanana, ndiye aliyemleta, akisaidiwa na shemeji yake, asubuhi moja ya mvua. Zakaria hakuweza kusimama. Maneno yake yalikuwa yanagongana. Na alikuwa anapumua zile pumzi ndefu ambazo sikuwa nimezisikia tangu Ishiara. Karwitha, afisa wetu wa kliniki, aliniletea mkojo mwenyewe kwa miguu yake na kusema nipime sukari na ketoni sasa hivi. Kabla sijageuka, Mama Kanana alikuwa dirishani kwangu.

"Daktari, hiyo mashine yako inaweza onyesha pombe?"

"Mimi si daktari, mama. Na pombe sipimi."

"Kama inaweza onyesha, usipime. Mimi nitamrudisha akafie nyumbani. Afadhali afe watu wakisema labda."

Nikamwuliza yeye mwenyewe anasema nini. Aliangalia sakafu.

"Mimi nalala na yeye," akasema. "Mimi pia nilinusa."

Nilikuwa nimepita kando ya kitanda cha Zakaria, uso wangu karibu na wake, na sikuwa nimesikia chochote. Muuguzi alikuwa amekunja pua. Shemeji alikuwa amegeukia dirisha. Katika hospitali nzima mimi pekee sikuwa na ushahidi wowote dhidi yake.

Vijiti vilikuwa vimekwisha, na mzigo mpya ulikuwa bado njiani kutoka Meru. Nilipanda kiti nikashusha makumbusho. Mkojo kwenye testityubu, kisha chumvi nyeupe, unaongeza na kutikisa mpaka ikatae kuyeyuka. Fuwele moja nyekundu. Unatikisa tena. Halafu taulo, uso kando, na amonia unaiteremsha taratibu ubavuni mwa kioo ili ikae juu bila kuchanganyika. Unangoja. Pale vimiminika viwili vilipokutana ikatokea pete, kwanza kama kovu jepesi, kisha zambarau, kisha zambarau nzito ambayo ungeweza kuandikia. Kwenye jiko, dawa ya buluu ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu kama tofali. Milango yote miwili ya ule ukoo ilikuwa wazi kwa wakati mmoja.

Hapa mnisikilize kwa makini, vijana. Mlevi ambaye hajala siku nyingi naye anaweza kuleta zambarau. Mtu aliyefunga tu ataleta zambarau hafifu. Pete peke yake si hukumu. Ni pete pamoja na sukari, pamoja na zile pumzi. Msije mkafanya kwa kioo kosa ambalo watu wa Zakaria walifanya kwa pua.

Nilimpa Karwitha jibu, kisha nikamwita Mama Kanana ndani, jambo ambalo haliruhusiwi, nikamwonyesha.

"Hii si pombe, mama. Ni ugonjwa wa sukari. Sukari imejaa kwa damu na mwili hauwezi kuitumia, kwa hiyo unachoma mafuta yake wenyewe. Harufu ni moshi wa hayo mafuta."

"Na kufunga?"

"Kufunga kumeongeza kuni."

"Kila siku alifunga, harufu ikapanda," akasema. "Na sisi tukasema Mungu amekataa ombi lake." Kisha akaketi pale pale sakafuni, kati ya ndoo na jokofu, akalia kilio cha mtu aliyemhukumu mumewe kitandani kwao. Sikumwinua. Kuna kilio ambacho mtu hapaswi kukatizwa.

Safari hii insulini ilikuwa ndani ya jokofu hilo hilo. Karwitha na wauguzi walimpigania siku ile yote na iliyofuata, maji ya mshipani, sindano, kupima, sindano tena, na pete ikawa inapauka kila nilipoipima mpaka mkojo ukaja mweupe, mtupu, mzuri. Nimeona rangi nyingi kazini. Ile ya kutokuwa na rangi ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Mngedhani hapo ndipo mwisho. Mchungaji wao, mtu mwema, mdogo kwa umri kuliko washirika wake wengi, alikuja wodini akiwa na furaha ya kweli. Nilikuwa kitanda cha jirani nikichukua damu.

"Mzee, tumesikia. Bwana asifiwe! Sasa Jumapili uje tu mbele, tukurudishe."

"Nije mbele niseme nini?" Zakaria akauliza.

"Ni ile maneno ya kawaida tu, mzee. Ni utaratibu."

"Utaratibu unasema nitubu. Nitubu nini?"

Mchungaji akatabasamu, akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Mimi siwezi kutubu sukari," Zakaria akasema.

Mchungaji aliondoka akiwa amechanganyikiwa, na nilimhurumia. Kanisa lilikuwa na njia ya kumrudisha mwenye dhambi. Njia ya kumrudisha asiyetenda dhambi hakuna aliyewahi kuihitaji. Wazee walikutana zaidi ya mara moja. Wengine walisema asimame tu aseme chochote, Mungu anajua. Zakaria akasema kama Mungu anajua, basi na benchi la mwisho Mungu anaona. Akarudi kulikalia. Alijifunza kujidunga, alikula kwa mpango, alinenepa kidogo, na kila Jumapili ya Meza sahani ilimruka. Wengine humwita mtu wa namna hiyo mkaidi. Mimi nilimheshimu, na nilimwogopea, kwa sababu huzuni nayo hupandisha sukari.

Siku moja Mzee Festus akaja maabara, kofia mkononi. Alisema anataka kuona. Nikamwambia mambo ya mgonjwa si ya kuonyesha watu. Akasema Zakaria yuko nje kwenye benchi, nimwulize mwenyewe. Nikatoka, nikamwuliza. Zakaria hakumtazama rafiki yake.

"Mwonyeshe," akasema. "Mwonyeshe mpaka pua yake ielewe."

Mkojo wa Zakaria wa siku hiyo ulikuwa safi, haukuwa na la kuonyesha. Basi nikatoa tone la asetoni kwenye chupa, nikalitia kwenye maji, nikampa Festus anuse. Alirudi nyuma hatua nzima. "Ndiyo hiyo," akasema. "Hiyo hiyo kabisa." Nikafanya kipimo mbele yake. Maji yenye asetoni yakaleta pete. Kisha nikatia spiriti ya kusafishia, ambayo ni pombe tupu, kwenye maji mengine, nikafanya vile vile. Hakuna kitu. Tukangoja. Hakuna kitu. Nikachora kaboni na oksijeni kwenye meza kwa chaki, mkono mmoja huku, mikono miwili kule, nikamwambia ni koo mbili tofauti, jirani tu kwa harufu.

Festus aliiangalia ile testityubu isiyobadilika kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo pua haikudanganya," akasema.

"Haikudanganya, mzee. Ulisikia kitu cha kweli."

"Ni mdomo," akasema. "Pua ilisema iko kitu. Mdomo ndio ulisema ni pombe."

Hakumwomba Zakaria msamaha siku hiyo. Walipanda mteremko pamoja, mmoja mbele, mmoja nyuma. Lakini Jumapili ya Meza iliyofuata Mzee Festus, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba sahani ya mkate, alimpa mzee mwingine sahani hiyo, akatembea mpaka nyuma, akaketi benchi la mwisho kando ya Zakaria. Mama Kanana ndiye aliyenihadithia. Zakaria alisogea kidogo kumpisha, akaendelea kuangalia mbele. Na hivyo wakakaa, Jumapili baada ya Jumapili, wazee wawili kando ya mlango, na kila ilipofika siku ya Meza sahani ikawaruka wote wawili. Zakaria hakumsemesha.

Kisha ikaja wiki ya maombi na kufunga, kanisa zima. Tulikuwa tumemwambia Zakaria asifunge, na kwamba insulini haiachwi hata siku ambayo chakula hakishuki. Waambieni wagonjwa wenu hivyo hivyo, na muwaambie mara nyingi kuliko mnavyodhani inatosha. Alisikia nusu. Alifunga pamoja na wenzake, na akafikiri kwa kuwa hali, sindano nayo ipumzike. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha. Alitaka tu kuwa kama washirika wengine kwa wiki moja.

Jumapili ya kufungulia, mwisho wa ile wiki, nilikuwa zamu. Nilisikia gari la mchungaji likipiga honi toka barabarani, nikatoka. Mzee Festus alikuwa nyuma, amevaa suti yake ya Jumapili, amempakata Zakaria kama mtoto. Watu wa kwaya walikuwa wamejaza gari, bado na sare zao. Zakaria alikuwa macho, ila kwa shida, na pumzi zile zilikuwa zimeanza.

"Daktari, ananuka!" Festus akaniita hata kabla gari halijasimama. "Ananuka tena! Pima!"

Niliinama juu ya Zakaria. Sikusikia chochote, kama kawaida yangu. Nilimwamini Festus, nikakimbia na mkojo, na pete ikaja.

Mchungaji alinieleza yaliyotokea tukiwa tumesimama koridoni. Alikuwa katikati ya mahubiri. Nyuma kabisa Mzee Festus akasimama, akapaza sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Zakaria ananuka!" Kanisa zima likageuka. Kwa kitambo hakuna aliyeelewa, wengine wakadhani rafiki amemshtaki tena, mpaka walipomwona anamwinua mwenzake mikononi na kupita mlangoni. Kama Festus angeketi benchi lake la mbele, na sahani yake, hangesikia kitu. Karwitha alisema tumempata mapema, na kwamba kufikia jioni angekuwa mtu mwingine.

Jioni nilipita wodini kuchukua mkojo wa kupima tena. Mama Kanana alikuwa amesinzia kwenye kiti. Festus alikuwa upande wa pili wa kitanda, bado na tai yake. Zakaria alifungua macho akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimtazama.

"Wanasema ulisimama kanisani," akasema.

"Nilisimama."

"Ukasema nini?"

"Nilisema unanuka."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

Zakaria alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akatoa mkono chini ya blanketi, ule usio na sindano, akaushika mkono wa Festus.

"Jumapili ile ya Meza, tutakaa mbele," akasema. "Mahali petu."

"Na pastor akiuliza umetubu nini?"

"Akiuliza, mwambie wewe ulininusa."

Festus akainamisha kichwa chake kwenye kitanda. Nikachukua chupa ya mkojo chini ya kitanda, nikaenda kuupima.